Harriet Jacobs: Kitabu Kilichonyimwa Mwandishi Wake

Mwaka 1861 Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani Edenton, North Carolina, alichapisha kisa cha maisha yake kwa jina la Linda Brent. Kwa zaidi ya karne moja wasomi wengi walikiona kuwa riwaya ya mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child, hadi mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua za Jacobs mwenyewe, miaka ya 1980, kwamba mwandishi ni yeye. Wapo wanaosema jina la kubuni ndilo lililozusha shaka. Ni kweli kiasi, ila lilimkinga mwanamke aliyethubutu kueleza jinsi bwana wake alivyomwandama kimwili. Kiini cha shaka ni kingine: sheria za jimbo zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, kisha ufasaha wa Jacobs ukageuzwa ushahidi dhidi yake.