Siri ya utelezi wa barafu

Barafu ni kitu kigumu kama jiwe, lakini chuma kinachokwama juu ya jiwe hupita juu ya barafu bila taabu. Jambo hili limewashughulisha wanasayansi tangu karne ya 19, na jibu lililozoeleka madarasani halitoshi.

Jibu hilo hudai kwamba uzani wa mchezaji, ukielemea chuma chembamba kilicho chini ya kiatu chake, huikandamiza barafu hadi ikayeyuka, naye akateleza juu ya maji. Ni kweli shinikizo hushusha kiwango cha kuyeyuka. James Thomson alibashiri hivyo mwaka wa 1849, na mwaka wa 1886 John Joly akatumia kanuni hiyo kuueleza mchezo wenyewe.

Hesabu ndiyo inayokataa. Kushusha kiwango hicho kwa nyuzi moja ya Selsiasi huhitaji shinikizo la takriban mara 130 ya lile la hewa. Mtu wa kilo 60 anayesimama juu ya chuma cha urefu wa sentimita 30 na upana wa milimita 3 hafikishi hata mara 10. Chuma kikigusa kwa ukingo tu shinikizo huongezeka, ila si kiasi cha kueleza utelezi katika baridi kali. Isitoshe, mwenye soli pana huanguka vilevile.

Mwaka wa 1939, Bowden na Hughes walionyesha kwamba joto la msuguano huyeyusha barafu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimhusu anayeteleza akiwa amesimama tuli.

Michael Faraday alikuwa ameikaribia kweli mapema zaidi. Mwaka wa 1850 alieleza kuwa vipande viwili vya barafu vikigusana hugandamana, akakisia kwamba uso wa barafu una utando mwembamba wa majimaji. Ndani ya barafu kila molekuli ya maji hushikwa na jirani wanne. Zile za juu kabisa hukosa baadhi ya majirani hao, hivyo hulegea na kusogea kwa urahisi.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 na wataalamu wa Uholanzi na Ujerumani ulionyesha kuwa msuguano wa chuma hupungua zaidi karibu na nyuzi 7 chini ya sufuri. Joto likizidi hapo, barafu hulainika na chuma huichimba. Baridi ikizidi mno, molekuli hutulia na utelezi hupungua.