Taa ya Kijani Isipowaka

Kwetu Villawood ndege ni kelele za kila siku. Uwanja wa Bankstown uko hapo tu, na vile videge vya wanafunzi vinazunguka juu yetu tangu asubuhi. Basi tulipogusia ndege kwenye kipindi kilichopita, wengi wenu mkauliza swali lile lile: hivi ndege ikiwa hewani na magurudumu yakagoma kushuka, marubani wanafanyaje? Jibu lina historia yake, na kipande kimoja cha historia hiyo kilitokea hapa hapa Sydney.

Kwanza tuelewane. Rubani wa ndege kubwa haoni matairi yake, anaona taa. Akishusha mkono wa magurudumu, anangoja taa za kijani zimwambie kila mguu umeshuka na umejifunga. Isipowaka moja, hajui kama mguu ndio mbovu au ni taa yenyewe.

Karibu na Miami, usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ilikuwa ni taa. Ndege ya Eastern kutoka New York ilikuwa inakaribia kutua, taa ya mguu wa mbele haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakaiachia ndege ijiendeshe, halafu wote wakazama kwenye kale kataa. Mmoja akaenda chini kuchungulia mguu, wengine wakahangaika na balbu. Kumbe ndege ilikuwa imeanza kushuka taratibu na hakuna aliyekuwa akiitazama. Ikaangukia kwenye kinamasi cha Everglades, wakafa watu 101. Mguu ulikuwa umeshuka na kujifunga vizuri kabisa. Balbu ndizo zilizoungua.

Miaka sita baadaye, tarehe 28 Desemba 1978, ndege aina ya DC-8 ya United ilikuwa inakaribia Portland. Mguu wa kulia ukashuka kwa kishindo, ndege ikatikisika, na taa hazikueleweka. Kapteni akazunguka angani karibu saa nzima akihakikisha abiria wameandaliwa. Alifanya hivyo kwa makini sana, hadi mafuta yakaisha na injini zikazima moja baada ya nyingine. Kati ya watu 189, wakafa 10.

Kinachoniuma kwenye kisa hiki ni kwamba wenzake walijua. Mhandisi wa ndege alitaja mafuta zaidi ya mara moja, ila kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa tu, na mkubwa wake hakushtuka. Alikuwa mmoja wa wale waliokufa.

Nikisoma hapo naona sebule zetu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi. Unazunguka, unasema "samahani baba, nilikuwa nafikiria tu...", unamwachia aelewe mwenyewe. Nyumbani naipenda lugha hiyo na siitupi. Lakini unamwambiaje mzee kwa kuzunguka-zunguka kwamba zimebaki dakika tano? (Na wale walikuwa Wamarekani watupu, kwa hiyo asije mtu akasema hii ni tabia yetu peke yetu.)

Baada ya Portland mambo yakabadilika. Mwaka 1979 NASA iliitisha mkutano kuhusu makosa ya binadamu ndani ya chumba cha marubani, na kufikia 1981 United ilikuwa imeanzisha mafunzo ya namna mpya: mdogo anafundishwa kusema wazi, mkubwa anafundishwa kusikia. Mashirika mengine duniani yakafuata. Siku hizi taa ikikataa, wanaacha kutua na kupanda juu. Mmoja kazi yake ni kuendesha ndege tu, haguse kitu kingine. Mwenzake anasoma kitabu cha dharura hatua kwa hatua. Mafuta yanahesabiwa kwa sauti. Haidroliki ikishindwa kushusha magurudumu, kuna njia ya akiba: kwenye ndege nyingi wanafungua vifungo vinavyoishikilia miguu, ikadondoka kwa uzito wake. Wakati mwingine wanapita karibu na mnara ili walio chini waitazame kwa macho.

Mafunzo hayo hayakumaliza kila kitu. Tarehe 19 Oktoba 1994 Jumbo ya Ansett iliondoka Sydney kwenda Osaka. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kurusha Jumbo. Baada ya kama saa moja injini ya namba 1 ikavuja oili, wakaizima na kugeuza. Sasa, kwenye Jumbo mguu wa mbele unategemea mfumo wa haidroliki namba 1, ambao kwa kawaida unasukumwa na injini hiyo hiyo. Walipokaribia kutua, honi ya tahadhari ikalia. Wakatafuta sababu, hawakuipata, wakaamini miguu yote imeshuka, wakatua. Pua ya Jumbo ikaburuzika kwenye lami ya Sydney. Moto haukuwaka, na watu walisalimika. Mimi naona ni kinyume cha Miami: kule taa ilidanganya wakaiamini, huku honi ilisema kweli wakaishuku.

Na kule kwetu? Tarehe 28 Oktoba 2019, Dash 8 ya Silverstone ilidondosha tairi moja ilipokuwa inaruka Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Mguu mkuu wa Dash 8 una matairi mawili, kwa hiyo lililobaki likabeba mzigo, wakatua Eldoret salama.

Halafu Newcastle, saa mbili na kitu kutoka hapa kwa gari, tarehe 13 Mei 2024. Ndege ndogo ya King Air iliruka kwenda Port Macquarie, rubani na abiria wawili, magurudumu yakaleta shida mara tu baada ya kuruka. Rubani akazunguka kwa saa kadhaa kuchoma mafuta, safari hii kwa makusudi na kwa hesabu. Halafu akailaza kwa tumbo katikati ya njia, kwa upole utadhani anaweka yai mezani. Wote watatu wakatoka kwa miguu yao.