Pini 40, Pini 7

Miaka ya 2000, kompyuta nyingi zilizoingia kwenye shule na saiba za Kenya zilikuwa mtumba. Zilikuwa zimeshafanya kazi ofisini Ulaya ama Marekani kabla ya kuja huku kuanza maisha ya pili. Ndani yake hadi diski iliunganishwa kwa waya bapa, mpana kama utepe, wenye pini 40. Mtindo huo uliitwa IDE, nao ulizaliwa miaka ya 1980 kwa kazi ya Western Digital na Compaq. Mwaka 2003 diski za SATA zikaanza kuuzwa: pini 7 tu za data. Kiwandani hayo yalikuwa maendeleo. Kwa fundi wa Garissa, kilomita kama 370 kutoka Nairobi na maduka ya Luthuli Avenue, maana yake ni kwamba diski ya zamani ikiuawa na joto na vumbi, mpya haiingii.

Hapo ndipo adapta inaingia: kibao kidogo kama kiberiti, upande huu pini 40, upande ule SATA. Inafanya kazi, ila baiosi nyingi za zamani haziwezi kuona zaidi ya GB 137. Chomeka ya 500 ukitaka, zinazobaki zimekula hewa.

Lakini si mtu anunue tu laptop mpya? Inategemea kilichomo ndani ya ile mbovu. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wapigwe msasa, na waliopita wakapewa kadi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Garissa, Wajir ama Mandera akiomba kitambulisho aliulizwa cha baba, hata cha babu. Wengine, familia zao zilijiandikisha kambini Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi. Kompyuta hiyo haikusahau kitu. Msasa huo wa ziada rais aliufuta Februari 2025, akiwa Wajir.

Kwa hiyo nakala iliyoskaniwa ya kadi ya mzee, ndani ya mashine ya mwaka 2004, si takataka. Fundi anayejua kazi hakimbilii kusakinisha Windows upya. Anaiweka diski inayokufa kando ya mpya, ananakili mafaili kwanza, na folda ya skani ndiyo inayotangulia.