Doa la Korosho na Safari Yake



Mtu wa Mbuchi hahitaji kufundishwa ubaya wa unyevu. Yeye huishi kati ya mito na mikoko, maji ya bahari yakimpandia na maji ya Rufiji yakimshukia. Wazee wa delta walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa humo kulinda mpunga wao dhidi ya ndege na nguruwe, huku mafuriko yakipita chini yao. Mpunga uliheshimiwa, ukawekwa juu. Korosho haikupata heshima hiyo, kwa sababu ganda lake gumu huwadanganya watu. Mkulima huliona zima, akadhani na kilichomo ndani ni kizima.

Mkulima wa maparachichi wa Njombe au wa Rungwe huogopa doa la ganda, kwani mnunuzi wake hununua kwa macho. Doa letu sisi ni gumu zaidi: limejificha. Halijulikani mpaka sampuli ikatwe na kiini kionekane, na wakati huo korosho imekwisha kutoka mikononi mwa aliyeivuna. Basi ni nani anayelipa hasara ya doa lile? Jawabu limebadilika mara nyingi katika nchi hii, nalo ndilo historia ninayotaka kuisimulia.

Mkorosho si mti wa asili ya kwetu. Ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Mtu aliyekula mabibo yake na kukaanga korosho zake motoni hakuwa na haja ya ghala. Mambo yaligeuka kabla ya Vita Kuu ya Pili, korosho ghafi za Tanganyika zilipoanza kusafirishwa hadi viwanda vya Kollam, kusini mwa India, zikabanguliwe huko. Korosho ikawa bidhaa ya kukaa katika magunia na kuvuka bahari, na doa likawa na bei.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila msimu. Kuna doa la shambani, na kuna doa la kuhifadhi. La shambani hutokana na wadudu wafyonzao korosho ingali changa mtini. Mmoja ni mbu wa mikorosho. Mwingine ni yule mdudu anayedhuru minazi pia, ambaye mtaalamu M. J. Way alimchunguza kule Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Way alionyesha kwamba siafu wa mitini tuwaitao majimoto humfukuza mdudu huyo. Wavunaji wengi huwachoma majimoto moto kwa kuwa huuma, nami sishangai, lakini wanamfukuza askari wao wenyewe. Doa hili la kwanza haliponi ghalani, hata ghala liwe la namna gani.

La pili ni kazi ya mikono yetu. Korosho ikianguka ina maji mengi. Ikiachwa chini ya majani siku nyingi, au ikitiwa gunia kabla ya kukauka, hupata joto na ukungu, kiini chake kikageuka rangi, kutoka weupe hadi unjano na weusi. Dawa yake haina siri: kuokota mara kwa mara, kuondoa mabaki yote ya bibo, kuanika juani siku 2 au 3 huku zikigeuzwa, na kufunika jioni kabla ya umande. Unyevu ushuke hadi kati ya asilimia 8 na 10. Sisi wa Pwani tuna taabu moja ambayo wenzetu wa Mtwara hawaipati kwa kiasi chetu: mvua za vuli hutukuta katikati ya mavuno, Oktoba hadi Desemba. Siku 3 za jua mfululizo huwa ni bahati.

Sasa turudi kwenye historia. Katika miaka ya 1960 vyama vya msingi vilipokea korosho kwa wakulima na kuzipeleka kwenye vyama vikuu, navyo vikazikabidhi kwa Bodi. Mkulima alipimiwa, akapangiwa daraja, akapokea fedha yake. Gunia likioza baadaye, kilio kilikuwa cha Chama au cha Bodi. Mavuno ya nchi yaliongezeka mpaka yakapita tani 145,000 katika msimu wa 1973/74.

Yaliyofuata wengi wanayakumbuka. Huku kwetu Operesheni Rufiji ilianza mapema, mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya 1968, na nchi nzima ikafuata katika miaka ya 1970. Watu walihamishwa, mikorosho ikabaki pale pale. Mwenye shamba lililo mwendo wa saa kadhaa haokoti kila siku. Huenda mara moja kwa wiki, akazikuta korosho zimelala katika unyevu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mamlaka za mazao zikanunua moja kwa moja vijijini. Mwaka 1979 ugonjwa wa ubwiriunga ukatambuliwa nchini. Msimu wa 1986/87 ulipofika, mavuno ya nchi yote yalikuwa chini ya tani 20,000. Si haki kuulaumu ubwiriunga peke yake, kama wengine wafanyavyo. Bei duni na mashamba yaliyoachwa mbali vilitangulia.

Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia vijijini. Hao walichukua hatari ya doa, lakini waliikata mapema katika bei, kwa mkulima mwenye korosho kavu na kwa mwenye mbichi sawasawa. Aliyeanika vizuri hakuona faida ya kuanika.

Kisha ikaja Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/08 utaratibu huo ukaanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara, baadaye ukatufikia na sisi. Watu wengi wameuona mnada, hawakuona badiliko kubwa lililo nyuma yake. Korosho ikiwa ghalani bado ni mali ya mkulima mpaka iuzwe. Kwa hiyo, ikiwa lile gunia litapata ukungu kabla ya mnada, doa ni lake. Na tangu msimu wa 2024/25, minada ikipita katika mtambo wa Soko la Bidhaa, mnunuzi aliye mbali hutegemea cheti cha ubora kuliko macho yake.

Ndiyo maana manung'uniko yamezidi. Mwanachama hupeleka kilo 100, akaambiwa baadaye kuwa ni 95 na ushei, naye humwona karani kuwa ni mwizi. Tufanye hesabu. Korosho zenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 86 za kitu kikavu katika kila kilo 100. Zikikauka hadi asilimia 10, uzito wake ni kilo 95 na nusu hivi. Kilo 4 na nusu zimeruka hewani, wala hapana aliyeiba. Lakini karani asiyepima unyevu siku ya kupokea hana njia ya kujitetea, na mwizi wa kweli, akiwapo, hujificha nyuma ya hesabu hiyo hiyo.

Kwa watu wa delta kuna hatua ya tatu kati ya nyumba na ghala, nayo ni chombo. Magunia yakipangwa juu ya ngama, yale ya chini hunywa maji, na yakiwa maji ya chumvi gunia halikauki upesi. Fito za mikoko zikitandikwa chini, na turubai likiwa juu, jambo hili kubwa hupungua. Ghalani nako magunia yawe ya katani, si viroba vya plastiki vinavyotoa jasho. Yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, hewa ipite.

Pendekezo langu kwa Halmashauri ni hili. Unyevu upimwe mara 3: katika chama cha msingi mbele ya mwenye mali, chomboni kabla ya safari, na katika mlango wa ghala kuu, na kila mara tarakimu iandikwe katika hati anayopewa mkulima. Hapo itajulikana kama doa liliingia uwanjani, majini au ghalani, na anayepaswa kulipa atajulikana. Kipima unyevu cha kwanza kiwekwe Mbuchi penyewe, magunia yakiwa bado nchi kavu, maana korosho mbichi ikirudishwa hapo, mwenyewe anaweza kuichukua na kuianika tena siku ile ile.