Tabia za Watu na Kazi Zao

Leo tutajifunza habari za tabia. Kwa nini mtu mmoja akikasirika husema papo hapo, na mwingine hunyamaza akaweka moyoni?

Mwaka 1961 na 1962, Tanganyika ilipokuwa ikipata uhuru wake, wataalamu kutoka Marekani walikuja Afrika Mashariki kuchunguza jambo hilo. Mkuu wao alikuwa Walter Goldschmidt. Mwenzake, Robert Edgerton, aliwauliza watu maswali. Walichagua makabila manne: Wahehe wa Tanganyika, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Katika kila kabila walichagua mahali pawili: pa wakulima na pa wafugaji.

Waliona nini? Edgerton alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971. Wafugaji, kwa jumla, walionyesha furaha na hasira yao waziwazi, na kila mtu alipenda kuamua mambo yake mwenyewe. Wakulima walishauriana kwanza. Walificha hasira, na chuki iliyofichwa ilizaa shuku za uchawi.

Fikirini sababu yake. Mfugaji akigombana na jirani, aweza kuswaga ng'ombe wake akahamia malisho mengine. Shamba halihami. Mkulima hukaa karibu na mgomvi wake mwaka hata mwaka. Basi hujifunza kufunga mdomo.

Lakini kazi si sababu pekee. Wataalamu waliona kwamba desturi za kabila nazo zina nguvu sana. Tena, katika kila kijiji wapo wapole na wapo wakali.

Singida haikuwamo katika uchunguzi ule. Hata hivyo somo linatuhusu. Hapa wako Wanyaturu na Wanyiramba, wanaolima mtama na uwele na kufuga pia. Wako na Wabarabaig, watu wa ng'ombe. Wakikutana barazani kwa shauri la malisho, asemaye kwa sauti huitwa mkorofi, na anyamazaye huitwa mnafiki. Hukumu hiyo ni ya haraka, nayo huharibu shauri. Pengine wa kwanza amemaliza hasira yake kwa kuisema, na wa pili anatafuta amani. Mwulizeni kwanza.

Maswali ya kujibu:
1. Makabila manne yalikuwa yapi?
2. Kwa nini mkulima huficha hasira?
3. Wewe ukikasirika, hufanya nini? Jirani yako je?