Santuri na Chombo Chake: Usomaji wa Sauti katika Taaluma ya Kiswahili



Tumezoea kuuhesabu urithi wa Kiswahili kwa karatasi: hati za tenzi, barua, magazeti na kamusi. Leo naomba tuugeukie urithi ulioandikwa kwa sindano. Nazungumzia sahani za santuri na, zaidi ya hizo, vyombo vya nyumbani vilivyozipiga: gramafoni ya kukazwa kwa mkono, rediogramu iliyokaa ndani ya kabati, na stirio za miaka ya 1960 na 1970. Hoja yangu ni kwamba vyombo hivi si mapambo ya sebuleni tu. Ni vyombo vya usomaji, na anayevitunza anatunza uwezo wetu wa kusoma.

1. Jina na matumizi yake

Neno lenyewe lina historia. Katika Kiajemi na Kiarabu, santuri ni ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti. Katika Kiswahili jina hilo likahamia kwenye mashine ya sauti na kwenye sahani yake. Kitenzi kilichoandamana nalo ni kile kile cha ngoma na udi: santuri hupigwa. Lugha, basi, iliiweka mashine hii katika jamii ya ala za muziki, na aliyeiendesha akahesabiwa kuwa mpigaji.

2. Safari ya Bombay

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Hakupata elimu ya shule, wala hakutuachia diwani. Maisha yake tunayasoma katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958. Lakini pumzi zake, mahali alipovuta irabu na mahali alipoikatiza ili kuufuata mdundo, hayo hayawezi kubebwa na wasifu wowote. Yamo katika mfuo wa sahani.

Sahani za wakati ule zilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua kama dakika tatu. Wimbo uliozoea kurefushwa kwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji ulilazimika kupunguzwa beti au kugawanywa pande mbili. Ikumbukwe, kwa hiyo, kwamba anayenakili maneno ya santuri na kuyaita matini kamili ya shairi huenda anakosea. Alichonacho huenda ni uteuzi uliotokana na kipimo cha sahani.

3. Stirio kama chombo cha uhakiki

Sahani za stirio zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1958. Katika sahani hizo kila ukuta wa mfuo hubeba njia yake ya sauti, na kichwa cha stirio kimeundwa ili kuzisoma kuta hizo mbalimbali. Sahani ya kale, kwa upande wake, ina sauti ile ile katika kuta zote mbili. Hapa ndipo stirio ya zamani inapomfaa mtafiti. Ikifungwa sindano pana inayoulingana mfuo wa kale, humpatia nakala mbili za sauti moja, kila moja na makovu yake. Ukuta mmoja ukiwa umechubuka penye neno la utata, huenda ukuta wa pili umelihifadhi. Hiyo ni kazi ile ile ya mhakiki wa tenzi anayelinganisha hati mbili.

Hata hivyo, thamani ya chombo haitokani na ukongwe wake. Sindano ya chuma ya gramafoni ilikusudiwa kupiga upande mmoja kisha itupwe, kwa kuwa unga wa mawe uliila. Iliporudiwa, ikaila sahani. Kasi nayo ni suala la kitaaluma. Si kila sahani iitwayo ya 78 ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Mzunguko ukizidi, sauti hupanda na silabi hufupika, na mwanafonetiki anayepima urefu wa irabu atakuwa anapima kosa la mashine. Vinanda vingi vya miaka ya 1950 na 1960 vilikuwa na kasi nne, yaani 16, 33, 45 na 78. Vingi vilivyofuata viliiacha ya 78.

Nisije nikadhaniwa kuwa naipuuza raha. Santuri ya dakika tatu haimwachi mtu alale. Lazima mmoja ainuke, ageuze sahani, ashushe sindano, na waliobaki wasubiri. Katika kusubiri huko wimbo uliopita huzungumzwa: fumbo lilimlenga nani, na neno lile lilikuwa na maana gani. Huo nao ni uhakiki, na ulifanyika sebuleni.

4. Hitimisho

Kaseti, iliyozinduliwa mwaka 1963, ilipotamalaki katika miongo miwili iliyofuata, nyumba nyingi ziliziondoa santuri. Wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nasi tukatupa sahani pamoja na kinanda. Kosa letu ni kwamba hapakuwa na jongoo.

Nawausia wanafunzi: mkikuta sahani kwa bibi au babu, msiijaribu kwa sindano kuukuu. Andikeni kwanza yaliyomo katika lebo na namba yake, kisha tafuteni chombo kilichorekebishwa sawasawa. Nakala ya kidijitali ifanywe, lakini sahani na kinanda vibaki. Nakala hiyo ni usomaji mmoja tu, na hakuna mhakiki anayechoma hati kwa sababu amekwisha kuisoma.