Hellraiser: Vile Sinema Kali Iligeuzwa Kuwa Risiti

Kila mtu anayependa sinema za kutisha anaijua hii hesabu. Sehemu ya kwanza ni noma. Ya pili ni sawa. Ya tatu unaiangalia ukiwa na simu mkononi. Kuanzia ya nne, ni mazoea tu. Ukiuliza wasee kwa nini, wengi watakuambia hadithi iliisha. Mimi nakataa. Hadithi haijimalizi yenyewe. Mara nyingi kuna mtu ameketi ofisini akaamua kwamba ikiwa nzuri au ikiwa mbovu, kwake ni sawa tu.

Mfano wangu ni Hellraiser. Sinema 11, kutoka 1987 hadi 2022. Hata kama hujawahi kuziangalia, ile sura unaijua: uso mweupe kama chaki, kichwa kizima kimepigwa misumari kwa mistari iliyonyooka, nguo nyeusi za ngozi. Huyo ni Pinhead. Sasa wacha nikuonyeshe vile alitoka kuwa kitu cha kukunyima usingizi hadi akawa stempu ya kugongwa kwenye makaratasi.

Tuanze na aliyeianzisha. Clive Barker ni mwandishi Mwingereza, mzaliwa wa Liverpool. Katikati ya miaka ya 1980 aliandika skripti mbili, Underworld na Rawhead Rex, akawaachia watu wengine waziongoze. Zilipotoka hazikumfurahisha hata kidogo. Akaamua inayofuata ataiongoza mwenyewe. Mwaka wa 1986 alitoa riwaya fupi, The Hellbound Heart, na hiyo ndiyo aliyoigeuza sinema. Bajeti ilikuwa kama dola milioni moja, pesa kidogo sana kwa sinema, hata wakati huo. Kampuni ya Marekani ya New World Pictures ikalipa bili, na kazi ikafanyiwa London.

Kitu wengi husahau ni kwamba sinema ya kwanza haikuwa hadithi ya Pinhead. Ni hadithi ya nyumba moja na familia moja. Frank ni mwanaume aliyechoka na kila raha ya dunia. Ananunua kisanduku cha fumbo, anakifungua, na viumbe wanatoka upande wa pili kumpa raha na maumivu vikiwa kitu kimoja. Wanamrarua vipande vipande. Baadaye ndugu yake Larry anahamia nyumba hiyo hiyo na mke wake Julia, ambaye zamani alikuwa mpango wa kando wa Frank. Tone la damu linadondoka sakafuni, Frank anaanza kurudi kidogo kidogo bila ngozi, na Julia anaanza kumletea wanaume wa kuuawa ili apate nyama ya kujijenga upya.

Unaona? Kinachotisha hapo ni Julia. Ni mke wa mtu, nadhifu, anashuka ngazi na nyundo mkononi kwa sababu ya tamaa. Pinhead ukimhesabia dakika hafikishi 10. Mwishoni majina yanapopita hata haitwi Pinhead, anaandikwa tu kama kiongozi wa wale viumbe. Aliyemcheza ni Doug Bradley, rafiki wa Barker tangu siku za shule. Anaongea polepole, hakimbizi mtu, hapigi kelele. Hakutafuti wewe. Ni wewe uliyefungua kisanduku. Hiyo ndiyo sheria ya hadithi nzima, na ndiyo iliyoipa uzito: hakuna anayechukuliwa bila kuita.

Sinema ikaingiza zaidi ya dola milioni 14 Marekani pekee. Kwa mtaji ule, hiyo ni biashara safi. Na hapo ndipo shida inapoanzia.

Sehemu ya pili, Hellbound, ilitoka 1988 ikiongozwa na Tony Randel. Mpango wa mwanzo ulikuwa Julia ndiye aibebe hii hadithi miaka ijayo. Lakini mashabiki walikuwa wameshachagua: wanamtaka yule wa misumari. Bado Hellbound ina ujasiri. Inatupeleka jehanamu yenyewe, na inatuonyesha kwamba Pinhead aliwahi kuwa binadamu, ofisa wa jeshi la Uingereza. Ni sinema yenye vurugu nyingi, lakini ina akili.

Ya tatu, Hell on Earth ya 1992, ndiyo ile kona. Haki zikawa zimeondoka New World, na kazi ikaishia kwa Dimension, kampuni ya akina Weinstein ya sinema za aina hii. Hadithi ikahamishwa hadi New York. Pinhead sasa anaua watu ovyo ndani ya klabu, anapiga mzaha, anacheka. Wenzake wapya ni mmoja mwenye kamera kichwani na mwingine anayerusha CD kama visu. Ndiyo, CD. Wale watu ndani ya klabu hawakuwa wamefungua kisanduku chochote. Sheria ikavunjwa, na Pinhead akawa muuaji kama wale wengine wote wa wakati huo, ila yeye ana mavazi mazuri.

Ya nne, Bloodline ya 1996, inaniuma zaidi kwa sababu wazo lilikuwa kubwa. Ilitaka kufuata familia ya fundi aliyetengeneza kisanduku katika vipindi vitatu: Ufaransa ya karne ya 18, New York ya 1996, na kituo cha angani mwaka wa 2127. Mwongozaji alikuwa Kevin Yagher. Studio ikaona hiyo kazi, ikataka Pinhead aonekane mapema na mambo yapangwe upya. Yagher akaondoka. Joe Chappelle akaletwa kumalizia. Ukiangalia jina la mwongozaji kwenye sinema utakuta Alan Smithee. Huyo msee hayupo. Ni jina la bandia ambalo chama cha waongozaji Marekani kilikuwa kinaruhusu litumiwe wakati mwongozaji anataka kuikana kazi yake. Yaani sinema iliingia kumbi bila baba.

Bloodline ndiyo ilikuwa ya mwisho ya msururu huo wa zamani kuonyeshwa kwenye kumbi za sinema kwa kawaida. Kuanzia hapo ni video moja kwa moja, na Barker yuko nje.

Sasa elewa hiyo biashara ya video inavyofanya kazi. Sinema ya ukumbi lazima ikushawishi utoke nyumbani. Watu wakisema ni mbovu, wiki ya pili viti viko wazi. Sinema ya video inahitaji kava tu. Uko dukani, unaona ile sura ya misumari, unajua jina, unaichukua. Ukifika nyumbani ukagundua umeuziwa mbuzi kwenye gunia, pesa yako ishalipwa. Kwa hivyo studio haihitaji hadithi nzuri. Inahitaji jina na picha ya mbele.

Ndiyo maana kutoka 2000 hadi 2005 tukapata nne: Inferno, Hellseeker, Deader na Hellworld. Wacha niwe mwadilifu, Inferno si takataka. Iliongozwa na Scott Derrickson, yule yule aliyekuja kufanya Sinister na Doctor Strange, na ni hadithi ya polisi mchafu anayepotea ndani ya dhambi zake mwenyewe. Tatizo ni kwamba Pinhead anapita humo kama mgeni aliyekosea nyumba. Deader ndiyo inaeleza kila kitu. Ilianza kama skripti ya sinema nyingine kabisa. Studio ilikuwa nayo mkononi, ikaichukua, ikapachika Pinhead na kisanduku, ikaiita Hellraiser. Hellworld nayo ilitokana na hadithi fupi isiyohusiana na Barker, na zote mbili zikapigwa Romania moja baada ya nyingine. Hellworld ina Henry Cavill, ndiyo, Superman mwenyewe akiwa bado kijana, kwenye sherehe ya wachezaji wa gemu ya mtandaoni inayoitwa, we fikiria tu, Hellworld.

Hapa nataka usimame kidogo. Watu wakisema mwendelezo unaharibika kwa sababu waandishi wameishiwa, Deader inawajibu. Hapakuwa na mwandishi aliyeketi akajiuliza Pinhead afanye nini sasa. Kulikuwa na skripti na kulikuwa na lebo, na mtu akabandika lebo. Hiyo ni kama kununua maandazi ya jana, kuyafunga kwenye karatasi ya hoteli kubwa, na kuuza kwa bei ya hoteli.

Lakini chini kabisa bado hatujafika. Chini kabisa ni 2011.

Dimension walikuwa wamesema kwa miaka kwamba watafanya Hellraiser mpya, kubwa, ya kisasa. Waongozaji wakaja, wakaondoka, hakuna kilichotokea. Wakati huo mkataba una saa inayohesabu: usipotengeneza sinema ndani ya muda fulani, haki zinakutoka mkononi. Wakafanya nini? Wakatengeneza Revelations haraka haraka, kwa pesa kidogo sana, ili tu waseme wametengeneza. Doug Bradley, aliyekuwa amemcheza Pinhead mara nane mfululizo, akakataa. Wakaweka mtu mwingine. Barker naye akajitokeza hadharani kuikana kwa maneno makali. Mwaka wa 2018 ikatoka Judgment, na nyuma yake kulikuwa na presha hiyo hiyo ya kushikilia haki.

Sinema kama hiyo haitengenezwi ili uiangalie. Ni risiti. Ni karatasi ya kuonyesha wakili kwamba tulifanya, kwa hivyo bado ni yetu. Na usidhani ni Hellraiser pekee. Kuna Fantastic Four iliyotengenezwa na Roger Corman mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kama dola milioni moja, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa na haki ikihofia muda wake utaisha. Iliisha kupigwa, hata trela ilikuwepo, na haikutolewa rasmi mpaka leo. Waigizaji walitoa jasho lao kwa kitu kilichokuwa karatasi tu.

Mtu atasema, sasa si ni biashara? Si Barker alilipwa? Sawa, ni biashara. Lakini angalia ni nani alibeba hasara. Studio ilibaki na jina. Shabiki alilipa. Na Barker akatazama jina lake likikokotwa kwa sinema ambazo hakuwa na sauti ndani yake, kwa sababu akiwa kijana anayetaka nafasi yake ya kwanza, alisaini. Kila mtu angesaini. Ukiwa huna kitu na mtu anakupa dola milioni moja utengeneze ndoto yako, husomi ukurasa wa mwisho.

Habari njema ni kwamba hii stori ina mwisho wa maana. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inampa mwandishi nafasi ya kudai tena kazi aliyoitoa, baada ya miaka 35, akifuata taratibu zake. Barker akaitumia. Desemba 2021 haki za Hellraiser ndani ya Marekani zikamrudia. Mwaka uliofuata ikatoka Hellraiser mpya kwenye Hulu, David Bruckner akiongoza, Barker akiwa mmoja wa watayarishaji, na Jamie Clayton akiwa Pinhead. Je, ni kali kama ya 1987? Hapana, na ni ndefu kuliko inavyohitaji. Lakini kisanduku kimepata sheria tena, tamaa imerudi katikati ya hadithi, na Pinhead ameacha kuchekesha. Unaona kabisa kwamba kuna mtu aliyejali.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini sinema za kutisha huoza kadiri namba inavyopanda, sitakuambia ni laana ya namba. Nitakuuliza haki ziko kwa nani, na huyo mtu anapoteza nini sinema ikiwa mbovu. Kama hapotezi kitu, usitarajie kitu.

Na kama wewe ni wa kuandika, kuchora, kuimba au kupiga video hapa Nairobi au Kisumu au popote ulipo, na mtu amekuja na mkataba na tabasamu, uliza mambo matatu kabla ya kushika kalamu. Ninauza nini hasa, hii kazi moja au kila kitu kitakachotoka humo? Kwa muda gani? Na wasipoifanyia kazi, inanirudia lini? Barker alisubiri miaka 35. Wewe unaweza kuuliza leo, kabla hujafungua hicho kisanduku.